Kompyuta Iliyowekwa Pembeni

Mwanangu Imelda,

Sikuulizi habari za afya, maana jana asubuhi nilikuona kwa macho yangu ukipanda gari la kushuka ziwani, kwenda Liuli kumuaga bibi yako, na jioni ya leo utakuwa umerudi. Kesho alfajiri unaondoka kwenda Iringa. Mama yako yuko sokoni na usipa wake, dagaa wa ziwani. Nyumba iko kimya. Nimefunga kibanda mapema, jambo ambalo majirani watalizungumza, nikaja kukaa hapa mezani na kalamu.

Mambo ya kuficha nauli, ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi, ya kutopanga chumba bila kuona mlango unavyofungwa, mama yako amekuambia mara nyingi kiasi kwamba nikiongeza mimi itakuwa kelele. Nataka kukuandikia kuhusu hii laptop yako na jinsi nilivyokufanyia tulipokuwa tunaitafuta. Sehemu ya habari hii unaijua. Sehemu nyingine huijui, na mama yako pia haijui.

Unajua wanavyonisema hapa Mbinga. Wanasema Fundi Bathlomeo hadanganyiki, akinunua gunia la mahindi analimwaga lote chini aone la katikati. Wewe umekua ukisikia hayo na nadhani ulipokuwa mdogo ulijivunia. Mimi pia nilijivunia. Mtu akija kibandani na mashine ya kumenyea kahawa, kabla hajamaliza salamu nimekwisha kujua kama ni yake au ameiokota mahali. Nilidhani ni akili. Baadaye nitakuambia ni nini.

Siku ulipoleta ile karatasi ya chuo nilifurahi mpaka nilipofika kwenye mstari wa kompyuta. Walisema mwanafunzi wa upimaji ardhi lazima awe na yake, wakaandika na uwezo wake, kwa namba ambazo sikuzielewa. Wewe ulizisoma kwa haraka, ukasema, "Hii ya kumbukumbu ni muhimu kuliko zote, baba, ikiwa ndogo programu za ramani hazifunguki." Nikajiuliza umeyajua wapi hayo. Shuleni kwenu kompyuta zilikuwa mbili na zote zilikuwa zimefunikwa kitambaa. Sikukuuliza. Nilikaa na swali langu tumboni, na swali la namna hiyo halikai bure, linazaa mengine.

Nikaanza kukumbuka Jumamosi zako. Ulikuwa ukiaga unakwenda mazoezi ya kwaya, ukirudi saa nane, saa tisa. Jumamosi moja nilikufuata. Ndiyo, Imelda, nilikufuata mtoto wangu kama mgambo anavyomfuata mtu. Ulilipita kanisa bila kugeuza shingo, ukashuka hadi barabara ya stendi, ukaingia kwenye stesheneri ya yule kijana Fidelis, ile yenye mashine ya kutoa kopi mlangoni. Mimi nilisimama ng'ambo ya barabara nyuma ya magunia ya mkaa. Mama muuza mkaa aliniuliza namngoja nani, nikamwambia namngoja mtu wa mashine. Nilisimama pale zaidi ya saa moja na nusu. Nilimwona Fidelis akiinama juu ya bega lako mara mbili. Ulipotoka ulikuwa na wino vidoleni, ukafikicha vidole ukutani kabla ya kuanza safari ya nyumbani, nami nikasema moyoni, anafuta ushahidi.

Jioni hiyo nilikuuliza kwaya inaendeleaje. Ukasema inaendelea vizuri. Nikasema vizuri.

Kosa langu la kwanza ni hilo, na ni kosa baya kuliko yanayofuata. Ningekuambia nimekuona, tungegombana, ungelia au ungenijibu, na kabla ya kulala tungekuwa tunajua tulipo. Sikusema. Niliona nikinyamaza nitakukamata vizuri zaidi. Kwa wiki tatu nilikula na wewe meza moja huku nakutegea. Ulikuwa ukicheka na mama yako jikoni, nami naona mnanicheka mimi. Simu yako ikilia, natazama uso wako badala ya chakula changu. Mtu akishaanza hivyo, kila kitu kinageuka kuwa dalili.

Halafu ikafika ile siku ya kununua. Nilikuambia twende tuangalie maduka yote. Wewe ulinipeleka moja kwa moja kwa Fidelis, ukaingia kama mtu anayeingia mara ya kwanza, unatazama kuta. Kijana akanisalimia, "Shikamoo baba." Kisha akakugeukia, na kwa sauti ya kawaida kabisa akasema, "Imelda, ile yako nimeiweka pembeni, kuna watu wawili wameiulizia."

Sikuitikia shikamoo yake. Nadhani uliliona hilo kabla ya jingine lolote. Mle ndani kulikuwa na mwalimu mmoja anatoa kopi za mitihani, na akina mama wawili wanapigwa picha za pasipoti, na wote walisikia kimya changu. Fidelis aliitoa ile kompyuta chini ya meza, imefungwa kwenye kitambaa safi, akaiweka mbele yangu, akataja bei. Ilikuwa bei nzuri. Ndiyo iliyoniponza. Ingekuwa ghali ningepunguziwa na tungeondoka nayo. Nikamwambia, mbele ya watu wale, "Kitu kinachowekwa pembeni kwa ajili ya msichana kina bei nyingine, kijana, na hiyo hujaitaja."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliacha kutoa kopi. Fidelis aliitazama meza, akasema polepole, "Baba, bei niliyokutajia ndiyo bei." Akaifunga tena kwenye kitambaa. Hakunijibu vibaya hata neno moja, na hilo nalo nilimhesabia kuwa ujanja.

Ulitembea mbele yangu mpaka nyumbani. Sikuona uso wako, niliona mgongo tu. Jioni ndipo ulipotuambia mimi na mama yako, umesimama, kwamba kila Jumamosi ulikuwa ukichapa barua na fomu za wateja bila kulipwa, na Fidelis akikufundisha kompyuta saa wateja wakipungua. Kumbe mama yako alijua tangu mwanzo. Nikakuuliza kwa nini ulinidanganya kuhusu kwaya. Ukasema, "Ningekuambia, ungekataa kabla sijamaliza sentensi."

Nilikufokea. Lakini neno hilo sijalijibu mpaka leo, kwa sababu ni kweli. Ulidanganya, na kudanganya ni kubaya. Ila uongo ule nilikuwa nimeujengea mimi nyumba, ukakuta mlango uko wazi, ukaingia.

Sasa Tarsisi. Sitaki kuandika mengi juu yake. Bwana Tarsisi ni mtu tunayesali naye jumuiya moja. Ana mvi, ana sauti ya upole, akisikia msiba anafika wa kwanza. Alikuwa akileta vitu kutoka mjini, redio, majiko, simu, anaviuza nyumbani kwake. Siku mbili baada ya mambo ya stesheneri nilikupeleka kwake. Hukutaka kwenda, lakini ulikuja. Alitukaribisha chai. Alitoa laptop nyeusi inayong'aa kama kiatu cha Pasaka, ina karatasi ndogo pembeni imeandikwa uwezo ule ule wa chuo. Akaiwasha, ikawaka, akaizima. Alisema umeme umekatika tangu asubuhi, tusiimalize chaji.

Wewe ukasema, "Baba, tuiwashe tena. Yenyewe ndani inaonyesha ina kumbukumbu kiasi gani. Ni dakika moja tu." Tarsisi akatabasamu, akasema watoto wa siku hizi wanatufundisha sisi. Na mimi, yule ninayemwaga gunia la mahindi, nikakuambia unyamaze, huwezi kumpekua mtu mzima kama mwizi.

Nimelifikiria jambo hilo sana. Ilikuwaje? Nadhani shaka yangu yote nilikuwa nimeimalizia kwako na kwa Fidelis. Nilipofika kwa Tarsisi nilikuwa nimechoka kushuku, nikataka mtu mmoja wa kumwamini, nikamchagua kwa mvi zake. Tena nilitaka nikuonyeshe kwamba kompyuta inapatikana bila kijana wako. Nililipa pale pale, fedha ya msimu mzima wa kutengeneza mashine za watu. Hatukuandikiana hata karatasi.

Unakumbuka ilivyokuwa. Siku ya tatu ikawa inazima yenyewe. Siku ya sita ule upande wa chini ukaanza kuvimba, ikiwekwa mezani inayumba. Ulinionyesha bila kusema "nilikuambia." Ungesema ningepata pa kukasirikia. Uliiweka tu mezani, ukaenda kuchota maji.

Nilikwenda kwa Tarsisi peke yangu. Sikukueleza yaliyotokea huko, nilisema tu hayupo. Alikuwepo. Alikuwa ameketi uani anachambua maharage na mkewe. Nilimweleza. Hakukasirika. Aliichukua, akaigeuza, akaitikisa kidogo sikioni, akanirudishia, akasema kwa sauti ile ile ya upole, "Mmeitumia vibaya, ndugu yangu. Nilipoiuza ilikuwa nzima, wewe mwenyewe uliona."

Imelda, niliitia ile laptop kwapani. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, hata ngumi nilikuwa nimeifikiria. Lakini maneno yale nilikuwa nayajua. Niliwahi kuyasema mimi, neno kwa neno, kwa mtu mwingine, miaka mingi iliyopita. Niligeuka nikaondoka, na Tarsisi lazima alidhani ameshinda.

Hapa ndipo inaanza sehemu usiyoijua.

Wewe ulikuwa bado unanyonya. Nilikuwa nimekodi kibanda mwaka huo, nataka nionekane fundi. Alikuja mama mmoja kutoka Namswea, anaitwa Mama Kolumba, mjane mwenye shamba dogo la kahawa, anatafuta mashine ya kumenyea ya mkono aliyoweza kuimudu. Nilikuwa nayo moja. Fremu yake ilikuwa na ufa, na lile bati la shaba linaloizunguka ngoma ya mashine, lenye vijino vya kutoa ganda, lilikuwa limekwisha. Nililivua, nikaligonga kwa nyuma kwa msumari butu vijino vikasimama tena, vya kuonekana tu. Ufa nikauchomelea juu juu. Kisha nikapaka rangi ya kijani mashine nzima, mara mbili, ikawa kama imetoka kiwandani. Alipouliza ni mpya nilisema ni kama mpya.

Sikuwa na njaa wakati ule. Ningekuwa na njaa ningejisamehe mapema.

Msimu ulipoanza vijino vililala ndani ya wiki moja, ngoma ikawa inakata punje badala ya kuzimenya. Kahawa yake ilipofika kupimwa ilikataliwa, punje nyingi zina majeraha, akaiuza kwa walanguzi kwa walichotaka wao. Alikuja na ile mashine kutoka Namswea, sehemu amebebewa, sehemu ameibeba kichwani. Aliitua mbele ya kibanda. Rangi ilikuwa imebanduka, ufa unaonekana. Kulikuwa na wateja wengine. Nikamwambia, "Umeitumia vibaya, mama. Nilipoiuza ilikuwa nzima, wewe mwenyewe uliona."

Hakupiga kelele. Alisema, "Mimi sijui chuma, fundi. Ndiyo maana nilikuja kwako."

Akajitwisha tena mashine yake. Nilimtazama mpaka alipopotea kwenye kona, halafu nikaendelea na kazi ya mteja mwingine. Sikumfuata.

Kwa hiyo watu wanaposema Fundi Bathlomeo anawajua matapeli, wanasema kweli ila hawajui sababu. Nilijifunza mahali pa kuangalia kwa sababu ndipo mikono yangu ilipofichia. Tangu siku ile, nikimwona mtu anauza kitu, namwona na kopo la rangi nyuma ya mgongo. Nilimwona nalo Fidelis. Nilikuona nalo wewe, na wino wako vidoleni.

Nilipotoka kwa Tarsisi nilikwenda kibandani, nikaifungua ile laptop kwa bisibisi ndogo ya saa. Betri ilikuwa imevimba, imezungushiwa utepe wa kufungia nyaya za umeme. Kumbukumbu ilikuwa robo ya ile iliyoandikwa pembeni. Bawaba ya kioo ilikuwa imevunjika na kubandikwa kwa gundi, na ganda lote limepakwa dawa ya viatu. Nilinusa kidole changu nikajua. Kazi ilikuwa safi. Aliyeifanya alikuwa na subira, kama mimi.

Kesho yake nilichukua bodaboda hadi Namswea na bati jipya la shaba, la kweli, na nati zake. Nilikuambia nimekwenda kutengeneza mashine ya mteja. Mama Kolumba amezeeka, lakini alinitambua kabla sijavua kofia. Ile mashine alikwisha kuitoa kama chuma chakavu zamani, na siku hizi kahawa yake inamenywa kwa jirani. Nilimweleza nilichofanya, tangu kugonga bati mpaka rangi. Alisikiliza amesimama mlangoni. Nilipomaliza alisema, "Nilijua. Nilijua siku ile ile. Nilitaka uniambie." Akanionyesha niliweke bati pale nje, ukutani. Hakunikaribisha ndani. Nilimpa na fedha kidogo, akaipokea bila kuitazama. Nilingoja kidogo kama atasema neno jingine, akaingia ndani, nami nikampungia mkono dereva wa bodaboda.

Sikuambii haya ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu utakutana na watu huko, na baadhi watakuwa mimi.

Kilichofuata unakijua nusu. Nilirudi kwa Fidelis. Nilifika asubuhi kabla wateja hawajajaa, nikasimama mlangoni karibu na mashine ya kopi. Akasema, "Shikamoo baba." Nikasema marahaba. Nikamwambia marahaba ya siku ile nayo nimeileta. Alicheka kidogo, akavuta kiti.

Ile aliyokuwekea pembeni alikuwa amekwisha kuiuza, kwa muuguzi mmoja wa Litembo. Siwezi kukuficha kwamba iliniuma. Alikuwa na nyingine, hiyo uliyonayo, mfuniko wake umekwaruzika kama umeburutwa barabarani. Nikamuuliza kwa nini hakuisafisha iuzike. Akajibu, "Mikwaruzo nimeiacha, baba. Ukikuta nimeifuta ndipo uwe na wasiwasi."

Nilimpenda kwa jibu hilo, kisha nikajishuku kwa kumpenda, maana Tarsisi naye alikuwa na maneno mazuri. Nikamwambia naomba niifungue. Akanipa meza. Nilitoa bisibisi yangu nikafungua skrubu zote za chini. Alikuja akanionyesha kimoja kimoja. Alinieleza kumbukumbu kwa namna ambayo sikuisahau: akasema ile diski ni stoo ya fundi, na kumbukumbu ni meza yake ya kazi. Stoo inaweza kuwa kubwa, lakini meza ikiwa ndogo huwezi kutandaza mashine nzima, utafanya kipande kipande na kazi itasimama. Ndipo nilipoelewa ulichoniambia wewe mwanzoni, siku ya karatasi, na ambacho nilikisikia kama dalili ya uovu.

Nikaifunga, nikaiwasha bila waya, nikakaa kwenye benchi kuisubiri iishe chaji. Fidelis aliniambia inakaa kama saa tatu. Nikasema nitaona. Watu waliingia na kutoka, yule mwalimu wa mitihani naye akaja, akanikuta nimekodolea kioo kama mtu anayelinda maziwa yasimwagike. Ilizima baada ya saa tatu na dakika chache. Nikamwomba karatasi ya manunuzi, na karatasi ya alikoitoa yeye, na nakala ya kitambulisho chake. Alivitoa vyote kwa mashine yake mwenyewe. Hakununa. Nilimuuliza kama haoni namdhalilisha, akasema wateja wote wangekuwa hivi angelala usingizi, maana wanaorudi kulalamika ni wale wasioangalia.

Hilo neno nimelibeba. Kumbe siku ile ya kwanza sikuangalia chochote. Nilimtazama yeye, nikakutazama wewe, kompyuta yenyewe sikuigusa. Kwa Tarsisi vilevile nilitazama mvi. Mashine ilikuwepo mezani mara zote mbili, tayari kusema ukweli, na hakuna aliyeiuliza isipokuwa wewe.

Umeniuliza mara mbili mashine yangu ndogo ya kuchomelea iko wapi, nikasema nimemwazima fundi wa Litembo. Niliiuza. Ndiyo iliyonunua hiyo ya pili. Usimwambie mama yako kwa simu, nitamwambia mwenyewe wiki hii, na nikichelewa unikumbushe. Wala usikae huko ukilifikiria. Mashine ni kitu cha kununua tena.

Kama kuna jambo kati yako na Fidelis, sijui. Nimemtazama sana na bado sijui. Moyo wangu kila siku unanipa ushahidi mpya, na kila siku nauweka chini. Sikuulizi. Ukitaka kuniambia utaniambia, na mimi nakuahidi utamaliza sentensi.

Limebaki moja, na nilitaka kuliruka.

Leo mchana, baada ya mama yako kutoka, niliitoa laptop yako kwenye mfuko. Nilijiambia naangalia tu kama betri haijavimba. Haijavimba. Ningeirudisha. Badala yake niliifungua, nikaiwasha, kwa sababu ulikwenda Liuli ukaiacha, na wazo likanijia kwamba mtu asiye na cha kuficha angeiacha wazi. Nilitaka kuona kama kuna barua za mtu, picha za mtu. Baada ya yote niliyokuandikia hapo juu, mimi huyu huyu.

Ikaniuliza neno la siri. Nikaandika jina lako, ikakataa. Nikaandika la mama yako, ikakataa. Nikaandika Liuli. Halafu, na hili naona aibu kuliko yote, nikaandika jina la Fidelis. Ilikataa. Nikaandika langu, ikakataa hilo nalo, na nilikaa pale nimeshika kichwa, sijui kama nacheka au ninafanya nini.

Nimeizima, nimeirudisha kwenye mfuko. Ukikuta mfuko umefungwa tofauti na ulivyouacha, ni mimi.

Nasikia gari linasimama chini barabarani, na sauti ya mama yako inakuita, nadhani mmekutana stendi. Nitaikunja barua hii niiweke ndani ya mfuko wa laptop, upande wa waya, utaikuta ukifika Iringa.

Umefanya vizuri kuifunga laptop yako kwa neno la siri, mwanangu. Neno hilo usimwambie mtu yeyote huko uendako, awe rafiki, awe mwalimu, awe mtu mwenye mvi. Na siku nikikupigia simu, nikazungukazunguka na habari za mvua na kahawa, halafu nikakuuliza kama mtu asiye na haja nalo, usiniambie hata mimi.

Baba yako,
Bathlomeo